Mtandio Shingoni mwa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimkagua mama yake. Jina hilo la utani alilipata kwa kusema sana.

"Hereni?"

"Nimevua."

"Mkufu?"

"Nimevua, afande!"

Mama alikuwa muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa akili. Huko muuguzi haingii na kitu shingoni.

Siku moja Chiriku alimzawadia mtandio alioutarizi mwenyewe. Mama akaufunga shingoni papo hapo. "Nitauvua getini," alisema.

Jioni alirudi kola imefungwa hadi kidevuni, sauti imekwaruza.

"Mlango wa kabati umenigonga," alieleza.

Alipoinama kunawa uso, kola ilifunguka. Chiriku aliona michirizi myekundu kuzunguka shingo yote, na alama za kucha. Sahani aliyoshika ikamponyoka.

"Mama, kabati lina vidole?"

Mama aliketi. Akaeleza ukweli. Alikuwa amechelewa, akasahau kuuvua mtandio. Mgonjwa mmoja aliyetishwa na sauti anazozisikia yeye peke yake aliushika, akauvuta. Muuguzi mwenzake wa zamu alikuwa amehamishiwa wodi nyingine, na mlinzi alifika mama akiwa ameshaona giza.

Chiriku alimshika mama mkono. Mtandio wake! "Acha kazi hiyo, mama. Watakuua!"

"Mgonjwa yule aliletwa hasemi neno, mwanangu. Juzi kaniamkia. Kazi yangu naipenda. Kukabwa ndiko nisikokupenda."

"Msimamizi wako anajua?"

Mama alitazama chini. "Nitamwambiaje, na kosa ni langu?"

"Si wewe unayesema mficha maradhi kilio humfichua?"

Mama alicheka, kisha akashika koo kwa maumivu. Kesho yake alimwambia msimamizi yote.

Jioni msimamizi wa wodi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimsindikiza hadi nyumbani. Chiriku alimwamkia huku akiwa na hofu.

"Marahaba. Mtandio ni kosa la mama yako," msimamizi alisema. "Kumwacha peke yake ni kosa langu. Kuanzia leo hakuna muuguzi atakayebaki peke yake zamuni. Wengine wawili walikuwa wamepigwa, nao wakanyamaza. Leo wamesema, baada ya mama yako. Kosa lako likiri, mwanangu, hata kama litakuaibisha. Ukilificha, hatari hiyohiyo itamkuta mwenzako."

Asubuhi iliyofuata Chiriku alisimama mlangoni.

"Hereni?"

"Nimevua."

"Mtandio?"

Mama alionyesha msumari ukutani. Mtandio ulikuwa unaning'inia hapo.

"Na mwenzako wa zamu?"

"Yupo, afande."

Chiriku akampisha.