Sahihi ya Kiema wa Kalamba

Agosti ya mwaka 1978 nilitumwa Malili kupeleka majoho kumi na mawili ya kwaya. Wakati huo nilikuwa fundi wa nguo kule Matinyani, na majoho yale niliyashona mwenyewe. Nilifika saa kumi na moja jioni nikiwa nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Bilha, kiongozi wa kwaya, aliyapokea, akanipa chai, akanionyesha kitanda nitakacholalia.

Ndipo nikasikia gitaa.

"Hiyo ni bendi gani?" nikamuuliza.

"Ni hao watu wa dunia," Bilha akasema. "Wana bugi, dansi lao la mchana, hapo baa ya barabarani tangu saa nane. Giza likiingia watatuachia masikio yetu."

Sikuhitaji jina la bendi. Gitaa lile ningelitambua hata usingizini. Nikamwambia Bilha nakimbia dukani kununua sabuni. Nikachukua daftari langu nikatoka.

Niseme ukweli, daftari lile lilikuwa limeniharibu akili. Kila Agosti, shule zikifungwa na watu wakiwa wamemaliza mavuno, bendi zilikuwa zinazunguka Ukambani soko kwa soko, na mimi nilikuwa nyuma yao. Nilikuwa na sahihi thelathini na moja. Waimbaji, wapiga ngoma, hata mpiga tarumbeta mmoja aliyenisainia akiwa amelala chali kwenye meza. Aliyebaki alikuwa mmoja tu. Kiema, mpiga gitaa wa Nyota za Kavumbu.

Miaka mitatu nilimkosa. Kitui mjini nilisimama mlango wa nyuma tangu mchana, yeye akatorokea dirishani. Katika mji wa Wote nilimfikia, biro ikakataa kutoa wino. Kalamba, kwao kabisa, nilimshika mkono wa shati. Akanitazama kwa upole, akasema, "Dada, mimi siandiki." Halafu akaninunulia soda. Soda. Nilikuwa na hasira hivi kwamba niliimwaga chini mbele yake.

Siku hiyo ya Malili nilijiambia hanikwepi tena.

Nilifika wimbo wa mwisho ukiisha. Watu walikuwa wanatoka, jua limeshaanguka nyuma ya vibanda, na vijana wa bendi walikuwa wanabeba spika kwenye pikapu. Mpiga ngoma, Muthama, alinitambua.

"Wewe tena?" akasema. "Yuko nyuma ya tangi la maji. Lakini usijisumbue, dada. Huyo hata kwa meneja haandiki. Anaweka dole gumba kama mzee."

Nikazunguka ukuta. Kabla sijafika kwenye tangi, mtu akaniita kwa sauti ya chini.

"Nthenya."

Alikuwa mwanamke wa makamo, amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. Leso kichwani. Nilidhani ni mmoja wa wanakwaya wa Bilha, labda ndiyo maana alijua jina langu. Kisha nikaona viatu vyake. Viatu vyeusi, vinang'aa. Malili yote ilikuwa vumbi tupu, na viatu vyake havikuwa na hata chembe.

Na harufu... Harufu ya mchanga uliolowa, kama ile inayopanda ukichimba kisima kwenye mto mkavu. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha Mei.

"Amekusumbua sana, huyu kijana," akanong'ona.

Hakuna mtu aliyewahi kunihurumia kwa jambo lile. Nyumbani walinicheka. "Miaka mitatu, mwaitu," nikamwambia, nikimwita mama kama tunavyoita wakubwa kwetu.

"Mimi nimengoja zaidi." Akatoa karatasi moja iliyokunjwa. "Akiniona anakimbia. Wewe hatakukimbia. Weka hii ndani ya daftari lako, aandike hapa kwanza. Mara ya kwanza ndiyo ngumu. Akishaandika, atakuandikia na wewe."

"Kwa nini anakukimbia?"

Aliniwekea karatasi mkononi. Ilikuwa baridi. Si baridi ya kivuli. Ilikuwa baridi kama chuma kilichotoka majini.

Hapo ndipo nilipopaswa kurudi. Najua. Nimeifikiria dakika ile zaidi ya dakika nyingine yoyote ya maisha yangu. Lakini nilikuwa nimechoka kukosa. Nikaifungua karatasi, nikaichomeka katikati ya daftari, nikaenda.

Kiema alikuwa amekaa kwenye debe, gitaa liko kwenye sanduku lake. Aliponiona akatabasamu kwa uchovu.

"Soda ulimwaga," akasema. "Leo nikununulie nini?"

"Sitaki kununuliwa kitu." Kwa aibu yangu nikaanza kulia. Nikamwambia yote. Mabasi niliyopanda, mvua iliyonipiga, mama yangu aliyesema ninatafuta wanaume. Nikamfunulia kurasa, sahihi thelathini na moja. Alizitazama moja moja. Wengi walikuwa rafiki zake.

"Nikuwekee dole gumba."

"Dole gumba ni la kipande cha utambulisho. Nataka jina lako, umeliandika wewe."

Kule nje pikapu ikaanza kunguruma.

"Hili daftari ni lako?" akauliza.

"Ni langu."

"Hakuna mtu amekutuma?"

Nikamtazama machoni.

"Hakuna."

Akavuta pumzi. Akachukua biro. Nikamfungulia penye karatasi ya yule mwanamke. Aliandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, herufi kwa herufi, ulimi umetoka kidogo. Alipomaliza akasugua vidole.

"Karatasi yako ni baridi," akasema.

Ndani ya sanduku lililofungwa, uzi mmoja wa gitaa ukalia.

Mara moja tu.

Nikajifanya sikusikia. Nikafungua ukurasa wangu mwenyewe, safi, wa thelathini na mbili. "Sasa hapa," nikasema. "Mara ya mwisho."

Akaweka biro kwenye karatasi. Haikusogea. Alikuwa anaitazama kama kitu ambacho hajawahi kukiona.

"Niandike nini?"

"Jina lako."

Akainua uso. Macho yake yalikuwa yaleyale, lakini hapakuwa na mtu aliyenitambua ndani yake.

"Lipi?"

Muthama akaita kutoka kwenye pikapu, "Kiema, twende." Hakugeuka. Akaita tena, mara ya tatu, mara ya nne. Alikuja akamgusa bega, na ndipo Kiema akaruka kama mtu aliyeshikwa na mgeni.

Nilipopekua daftari, karatasi ile haikuwepo. Nilizunguka ukuta mbio. Mwanamke hayupo. Vumbini kulikuwa na nyayo zilizolowa, zinaelekea upande wa barabara. Zilikuwa zinakauka nikizitazama.

Nilirudi kwa Bilha bila sabuni.

Mwaka mzima nilishona nguo za watu nikisikiliza habari. Walisema mpiga gitaa wa Nyota za Kavumbu amepatwa na ugonjwa wa kichwa, amerudishwa kwa mama yake. Wengine walisema ni bangi. Agosti iliyofuata nilishindwa kuvumilia, nikaenda Kalamba.

Mama yake aliitwa Ndila. Nilimkuta anapepeta pojo uani. Kiema alikuwa amekaa ukutani, mnene kidogo, msafi, amenyolewa vizuri. Alinisalimia kwa heshima kama mtu asiyenijua.

Nilimwambia Ndila kila kitu. Nilitegemea anipige na ungo. Aliendelea kupepeta.

"Alikuwa na miaka kumi na miwili," akasema baadaye. "Nilimtuma maji mtoni. Alikaa huko mpaka jioni. Alirudi anajua kupiga gitaa, na hapa hatukuwa tumeona gitaa. Aliniambia mwanamke amemfundisha pale kwenye kisima cha mchanga, halafu akamwambia aandike jina lake. Akaogopa, akakimbia. Tangu siku hiyo hakuandika jina lake mahali popote. Hata mtihani wa shule aliukataa. Mwalimu alimchapa mpaka akachoka mwalimu."

"Mwanamke huyo ni nani, mwaitu?"

"Mchungaji anasema ni pepo. Majirani wanasema ni uchawi wa upande wa baba yake. Mimi sikumwona." Akaweka ungo chini. "Wewe ndiye umemwona. Kaa. Leo ni tarehe ile aliyoandika, na tangu asubuhi anatazama lango. Utanisaidia kumshika."

Sikuelewa. Nilielewa jua lilipotua.

Sauti ilitoka langoni. Ya chini, ya upole. Haikuita Kiema. Iliita jina lingine, na mpaka leo siwezi kulirudia. Nalisikia vizuri, halafu linatoka kichwani kama maji kwenye kikapu.

Kiema akainuka. Uso wake uliwaka kwa furaha.

"Naam," akaitikia.

Ndila alimshika kiuno. Mimi nikamshika mkono. Alituburuta sisi wawili mpaka katikati ya uwanja, bila hasira, anatuomba radhi njia nzima kama mtu anayepita kanisani. "Samahani, mama. Samahani, dada. Naitwa." Ukavuma upepo wenye ile harufu. Kisha sauti ikanyamaza, naye akaketi chini akalia.

Sikurudi Matinyani ila kuchukua cherehani yangu. Nina kibanda cha kushona hapa sokoni Kalamba, na watu wanadhani mimi ni mke wake. Ndila alifariki mwaka 1986. Kila Agosti tangu hapo namshika peke yangu.

Mwaka jana, 1990, alinishinda. Mikono yangu iliteleza nikaanguka, naye akafika langoni. Nilimwona akisimama pale anazungumza na mtu ambaye mimi sikumwona. Nikasikia akisema, "Sawa, nakuja. Ngoja nichukue gitaa."

Akarudi ndani kulitafuta.

Gitaa lake lilibaki na bendi, na bendi ilivunjika zamani. Yeye hajui. Analitafuta hadi leo, chini ya kitanda, darini, nyuma ya magunia. Asipolipata, haendi. Mchungaji Jonah ni mtu mwema, na amenishauri mara mbili nimnunulie gitaa la bei ndogo, huenda muziki ukamrudishia akili. Namwambia tutaona.

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani kabla ya sala ya mwisho, sijui kwa nini. Nikakuta gitaa limeegemezwa langoni. Jipya. Nyuzi zote sita zimekazwa.

Nililivunja kwa jembe kabla hajaliona, nikalichoma. Toka siku hiyo sitoki tena nyumbani, hata kibanda nimekifunga. Wateja wanakuja mpaka hapa kuulizia nguo zao, wanasimama langoni wakiniita, na sijibu mpaka kwanza nichungulie viatu vyao.