Popoo Bila Chokaa

Camak alikuwa jikoni akikausha magimbi, Kui akaingia. Kui ni mdogo wa marehemu mkewe. Hata hajaketi, akamnyooshea shemeji yake popoo mbili. Kijijini kwao kokwa hizo hutafunwa pamoja na chokaa, na hakuna kusalimiana bila popoo.

"Pokea, shemeji. Hizi hazina chokaa. Chokaa ndiyo iliyonila shavu."

Kui alifanyiwa upasuaji wa saratani ya shavu miaka sita iliyopita.

Camak hakupokea. Maneno hayo alishayasikia kwa mkewe, Selep. Selep alipona saratani ya ulimi. Akaacha chokaa tu, popoo na pombe akaendelea navyo. Ilipotimia miaka mitano tangu apone alisherehekea, hospitali hakurudi tena. Kisha chakula kikaanza kumkwama. "Tafuna polepole," Camak alimwambia. Alimwambia hivyo miezi minne. Walipokwenda hospitali, walikuwa wamechelewa. Ulikuwa ujinga, na mwenye ujinga ni yeye Camak.

Resres, muuguzi wa kijiji, alikuwa papo hapo jikoni, amekuja kumpima Camak presha.

"Kwani saratani ya dada ilirudi ileile?" Kui alimuuliza.

"Hapana. Ilikuwa mpya, ya umio, njia ya chakula. Popoo, sigara na pombe huharibu njia yote. Aliyeugua mdomo anaweza kupata nyingine kooni, kwenye umio au mapafuni, hata baada ya miaka mingi. Na popoo ni hatari hata bila chokaa."

"Leo ndiyo mnasema!" Camak alifoka. "Wakubwa wenu huja hapa kupiga picha na kula nguruwe wetu. Mke wangu walimpa karatasi ya maelekezo ambayo hata mchungaji hakuielewa!"

Resres aliinamisha kichwa. "Tulipaswa kumweleza, mjomba. Hatukumweleza."

Kui akacheka. "Mimi nameza vizuri. Jana nimemaliza paja zima la nguruwe."

"Ukingoja mpaka ushindwe kumeza, umechelewa," Resres alisema.

"Vaa viatu," Camak alimwambia Kui. "Usiponifuata nitakubeba kama gunia."

Hospitalini walimpitishia Kui mrija wenye kamera ndogo kooni. Kwenye umio walikuta kidoa cha saratani changa. Wakakiondoa kwa mrija uleule, bila kumpasua. Tangu hapo Kui ameacha popoo, sigara na pombe, na vipimo hakosi.

Siku ile daktari alisema, "Mmekuja mapema."

Kui alilia kwa furaha. Camak alimshika bega, kisha akatoka nje akaketi ngazini. Maneno hayo mawili angeyasikia Selep, ngazini pale wangeketi yeye na Camak.