Picha ya Tumpe Kwenye Kamba

Haya, kaeni vizuri. Anayemsukuma mwenzake aache. Leo tunakwenda Tukuyu, nyumbani kwa Bibi Sekela.

Tukuyu kuna baridi. Kuna migomba. Kuna mvua, mvua, mvua. Na kuna Tumpe, mjukuu wa Bibi Sekela.

Tumpe ana miaka sita. Meno yake mawili yameng'oka. Maneno yake hayajapungua hata moja.

Tumpe anaongea akila. Anaongea akioga. Anaongea hata akipiga mswaki, povu linaruka pu-pu-pu!

Bibi Sekela anapenda kupiga picha za mabirika. Birika likichemka, kacha! Birika likipoa, kacha!

Bibi ana marafiki wawili. Fundi Ambakisye anatengeneza baiskeli, na anapiga picha za magurudumu. Mwalimu Lugano anafundisha hesabu, na anapiga picha za mawingu.

Kila Jumamosi mchana wanakutana kibarazani kwa Bibi. Wanatundika picha zao mpya kwenye kamba ya nguo. Wanazibana kwa vibanio. Ka! Ka! Ka!

Kisha wanazitazama, moja moja. Kila mtu anasema anachokiona.

Ila kuna sharti! Mwenye picha hasemi kitu, na hagusi picha yake. Anangoja wenzake wamalize. Akifungua mdomo tu, picha inashushwa hadi Jumamosi nyingine.

Ndiyo maana wote huimba:

"Mwenye picha, kimya!
Wenye macho, semeni!"

Jumamosi hii Tumpe anarukaruka. Hop! Hop! Hop! Leo, kwa mara ya kwanza, na yeye ana picha.

Bibi alimwazima kamera siku moja tu. Tumpe akaenda nayo kwa Mheshimiwa. Mheshimiwa ni mbuzi wa Bibi. Ana ndevu ndefu na maringo mengi.

Tumpe alisogea karibu. Akasogea karibu zaidi. Mheshimiwa akakunja pua. A... a... a...

Chyaaa! Kacha! Vyote kwa pamoja!

Kamera ikalowa. Tumpe akalowa. Lakini alicheka peke yake. "Nimeipata chafya!"

Wiki nzima hakumwambia mtu. Tumpe huyu huyu! Sijui aliwezaje. Siri ilimtekenya tumboni, naye akaibana.

Fundi Ambakisye alipeleka picha zote studio zikasafishwe. Leo amekuja nazo kwenye bahasha.

"Shikamoo, Fundi!" Tumpe akasema. "Yangu imo? Imetoka? Ni kubwa? Iko wapi?"

"Marahaba, marahaba. Ngoja kwanza, nimepoteza miwani." Fundi alitafuta mfukoni. Miwani ilikuwa juu ya kichwa chake.

Basi akatundika bila miwani. Ka! Ka! Ka! Ka!

Wakaanza na wingu la Mwalimu.

"Mwenye picha, kimya!
Wenye macho, semeni!"

"Naona andazi," alisema Bibi.

"Naona andazi lililoumwa," alisema Fundi.

Maskini Mwalimu! Alitamani kujibu, lakini sharti ni sharti. Akatafuna kalamu yake.

Likafuata birika la Bibi. Likafuata gurudumu la Fundi. Halafu, hatimaye, zamu ya Tumpe!

Tumpe akainua macho. Macho yakamtoka.

Picha yake imetundikwa juu chini! Ndevu ziko juu. Pua iko chini.

"Fu..." Tumpe akaziba mdomo kwa mikono miwili. Fup! Wenzake walikuwa wameshaanza:

"Mwenye picha, kimya!
Wenye macho, semeni!"

"Naona mlima," alisema Mwalimu. "Bila shaka ni Rungwe. Tazameni majani yale kileleni."

"Naona mapango mawili," alisema Fundi. "Mapango yenyewe yana utelezi."

"Na mvua!" alisema Bibi. "Lakini mbona mvua hii inapanda juu?"

"Mmmh! Mmmh!" Mashavu ya Tumpe yalivimba.

"Mjukuu wangu, unaumwa jino?" Bibi akauliza.

Tumpe akatikisa kichwa.

"Mlima mzuri sana," alisema Mwalimu. "Hongera, Tumpe."

Tumpe alitaka kulia. Walikuwa wanausifu mlima, na yeye hakupiga picha ya mlima. Alitaka waione chafya. Chafya yake!

Akawaza. Mdomo haufunguliwi. Mkono haugusi. Lakini kuinama je? Nani alikataza kuinama?

Tumpe akaipa picha mgongo. Akainama, inama, inama. Akachungulia katikati ya miguu yake.

Huyo hapo Mheshimiwa! Pua juu, ndevu chini, sawasawa kabisa. Tumpe akachekea puani. Kwi, kwi, kwi.

"Pole, mtoto anaumwa tumbo," alisema Fundi.

"Tumbo gani linalochekesha?" alisema Bibi. "Huyu kaona kitu."

Bibi akakaza kitenge chake. Akaipa picha mgongo. Akainama, inama, inama. Magoti yakalia ko! ko!

"Heee!" Bibi akapiga kelele. "Heee, jamani! Inameni!"

Mwalimu akainama. Fundi akainama, na miwani ikadondoka sakafuni. "Kumbe ulikuwa nami!" akaiambia.

Watu wanne, vichwa chini, migongo juu.

Jirani akapita na kikapu cha ndizi. "Hodi... eh! Basi, nitarudi baadaye."

"Ile ni pua!" alisema Mwalimu.

"Zile ni ndevu!" alisema Fundi.

"Ni Mheshimiwa!" alisema Bibi. "Ni Mheshimiwa anapiga chafya!"

Wakacheka. Kwa, kwa, kwa! Fundi akamwangukia Mwalimu. Mwalimu akamwangukia Bibi. Bibi akakaa chini, tih, na machozi yakamtoka kwa kicheko.

Fundi akainuka, akaigeuza picha. Wakaitazama tena, wakacheka tena.

"Haya," alisema Bibi. "Sisi tumemaliza. Mwenye picha, sasa sema wewe."

Wote wakamgeukia Tumpe. Tumpe akavuta pumzi, akafungua mdomo wake mkubwa, na akasema:

"CHYAAA!"

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote.

"Kua, mjukuu wangu, kua!" alisema Bibi.

Jioni wageni wakaaga. Mwalimu alimpa Tumpe mkono, kama mtu mzima. Fundi akapiga kengele ya baiskeli, kiling-kiling. "Kwaheri, mpiga picha!"

Tumpe alipojilaza kitandani, Bibi akamfunika blanketi hadi kidevuni.

"Bibi, umesikia Fundi kaniitaje?"

"Kakuitaje?"

"Mpiga picha."

"Si ndivyo ulivyo?"

"Hata kesho, Jumapili?"

"Hata Jumapili."

"Na Jumatatu, shuleni?"

"Hata Jumatatu, shuleni," alisema Bibi.

Akangoja swali la Jumanne. Halikuja. Mpiga picha alikuwa amelala fofofo.