Kijiko cha Winchi

Ghalani wanamwita Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo. Amebeba magunia ya nafaka tangu ujana, na kwa kubeba hakuwa na mpinzani. Mwaka huu nguvu zilianza kupungua. Wenzake walimpita wakimtania, "Winchi, mafuta yamekwisha?"

Akanunua kopo la kreatini, unga mweupe wa kuongeza nguvu. Kila asubuhi alijaza kijiko kikubwa hadi kikafurika, akaubwia mkavu. Maji hakunywa. Ghalani, anayekwenda msalani hupoteza zamu yake ya mzigo, basi wapagazi hushinda na kiu. Wengine hujisifu kwa hilo. Mimi linanikera.

Tumbo likaanza kumsokota. Akahara mpaka akalegea.

"Baba, huo unga utakumaliza," mkewe alisema.

"Nisipobeba nitafanya nini? Sijui kazi nyingine."

Mkewe akamwita jirani yao, muuguzi wa zahanati. Muuguzi akakitazama kijiko, akaguna.

"Shemeji, hiki ni kijiko au koleo?"

"Nataka nguvu, dada."

"Mwili hauchukui wote kwa mkupuo. Unaobaki huvuta maji tumboni, ndiyo maana unahara. Mtu mzima mwenye afya huanza na kijiko kidogo cha chai, akaukoroga kwenye maji mengi, akanywa pamoja na chakula. Kisha huangalia tumbo lake linaupokeaje. Lakini kwanza hupimwa figo. Wewe ulipimwa?"

Winchi akatikisa kichwa.

"Basi acha kabisa. Na ukienda kupimwa, sema ulikuwa unautumia. Unga huo unaweza kupandisha kipimo cha figo hata kama figo ni nzima."

Alipimwa. Akaacha unga wiki kadhaa, akapimwa tena. Jibu halikubadilika: presha ilikuwa imezila figo kimyakimya. Daktari akampa dawa, akamkataza unga, na akamkataza kubeba mizigo kwa kiu.

Winchi alilia, kwani ghalani anayekunywa maji hupoteza zamu. Mkewe hakumnyamazisha.

Sasa anaketi ghalani akishona magunia yaliyopasuka. Haipendi kazi hiyo, na jioni haongei sana. Lakini tumbo limetulia, presha imeshuka, na figo hazijazidi kuharibika.

Juzi mpagazi mmoja alimwomba lile kopo.

"Umepima figo?" Winchi aliuliza.

"Mimi mzima, kaka."

"Mimi pia nilikuwa mzima."

Yule mpagazi akaitazama sindano ya kushonea magunia mkononi mwa Winchi. Kisha akauliza zahanati hufunguliwa saa ngapi.