Mto Chini ya Goti la Baba

Kila jioni alipotoka shuleni, Wangare alifanya mambo matatu kabla ya kuvua sare. Alimpa ng'ombe maji, akawasha jiko la makaa, kisha akashika kalamu ya kijani iliyofungwa kwa uzi kando ya kalenda sebuleni. Hilo la tatu ndilo lililompa maringo. Katika Gredi ya Sita nzima pale shule ya Bahati, hakuna mtoto mwingine aliyekuwa amepewa kazi na watu wa hospitali.

Kazi hiyo ilitokana na ajali. Miezi miwili nyuma, baba yake, Hiram, alibanwa na trela ya mahindi iliyoteleza alipokuwa akiifunga kwenye trekta. Madaktari mjini Nakuru waliokoa maisha yake, lakini mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Tangu siku hiyo, mambo yake yote yalipitia kwa Bi. Chesang, mratibu wa matibabu. Yeye ndiye aliyejua siku ya daktari, siku ya mtaalamu wa viungo na gari litakalombeba mgonjwa. Alikuwa hata amezungumza na mwajiri wa baba, naye akakubali kumpa kazi ya kutunza ghala atakapoweza kutembea.

"Goti likizoea kukunjwa litakaza," Bi. Chesang aliwaeleza alipoleta karatasi ya mazoezi. "Likikaza, mguu wa bandia hautamfaa. Kwa hivyo alinyooshe asubuhi, jioni na kabla ya kulala. Na tafadhali, msiweke mto chini ya goti, hata kama anaomba. Mama Wangare anaondoka mapema kupeleka viazi sokoni, kwa hivyo Wangare, wewe ndiwe msimamizi wangu. Zoezi likifanywa, weka alama. Lisipofanywa, acha kisanduku wazi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Madam," Wangare alijibu, na kalamu ya kijani ikawa yake.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wangare alisimama kando ya kitanda cha baba, kilichokuwa kimehamishiwa sebuleni, kama mwalimu wa zamu, akihesabu kwa sauti baba aliponyoosha goti. Lakini wiki ya pili maumivu yalizidi. Baba alitokwa na jasho, akauma blanketi ili asipige kelele. Wangare hakuweza kumtazama.

"Leo basi, mami," baba alisema. Alimwita mami kwa sababu Wangare alikuwa na jina la mama yake mzazi. "Weka tu hiyo alama. Kesho tutafanya mara mbili."

Wangare aliweka alama. Kesho yake baba alisema vivyo hivyo, na kesho kutwa pia, mpaka ikawa desturi.

Halafu kulikuwa na shosho, yule nyanya aliyemzaa baba. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya ua, na tangu mwanawe arudi kutoka hospitali alikuwa amefumua sweta tatu kuukuu akashona mto mnene, wenye kitambaa cha waridi alichokifuma mwenyewe. Kila alasiri alikuja na chupa ya uji na mto wake kwapani, akainua mguu wa Hiram na kuuweka juu.

"Mwanangu hawezi kulala mguu ukining'inia kama wa mbuzi buchani," alisema.

Hiram alikuwa mtu wa kubishana na chifu mbele ya baraza nzima. Lakini kumwambia mama yake aondoe mto alioushona kwa mikono yake? Hilo lilimshinda. Alisema asante, akanywa uji, na goti likakaa limekunjwa hadi usiku. Mkewe aliporudi sokoni, amechoka hoi, alitazama karatasi iliyojaa alama za kijani akasema, "Mungu ni mwema." Wangare aliinamisha kichwa. Karatasi ilipendeza kweli, lakini hakupenda kuitazama.

Ijumaa ya wiki ya nne Bi. Chesang alifika. Aliwasalimu wote, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akatoa kipimo cha plastiki kinachofanana na kile cha kupimia pembe darasani, ila kikubwa. Alipima goti. Akapima tena. Kisha akaichukua karatasi na kuisoma kutoka juu hadi chini.

"Baba Wangare, mmejitahidi sana," alisema polepole. "Hamjakosa hata siku moja. Lakini goti limekaza kuliko nilivyoliacha."

"Hiyo ina maana gani?" Hiram aliuliza.

"Ina maana mazoezi yameshindwa. Lazima nimwandikie daktari hivyo, maana Jumatano wanakutana kuamua. Huenda wakataka kukupasua tena. Au waseme mguu wa bandia haukufai, upewe kiti cha magurudumu."

"Na ile kazi ya ghala?"

Bi. Chesang alishusha pumzi. "Ghala lina ngazi, Baba Wangare."

Hiram aliangalia dari. Shosho alikuwa akimimina chai, akaacha kikombe nusu. Bi. Chesang alifungua faili na kuanza kuandika, na Wangare akasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Alijua kila neno linaloandikwa pale lilikuwa uongo, na kwamba uongo huo ulikuwa umetoka kwenye mkono wake. Aliogopa sana. Aliogopa kuchapwa, aliogopa kumwaibisha baba mbele ya mgeni, lakini zaidi aliogopa kile kiti cha magurudumu.

"Madam, usiandike!" alisema kwa nguvu hata akajishtua. "Si kweli. Hatukufanya. Tulifanya wiki ya kwanza pekee. Zile alama zingine niliweka tu."

Kalamu ya Bi. Chesang ilisimama.

"Usimlaumu mtoto," Hiram alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kwa aibu. "Mimi ndiye nilimwambia aweke."

"Na huo mto mnaouficha nyuma ya kiti ni wangu," shosho akaongeza, kabla hata ya kuulizwa. "Kama kuna mtu wa kupelekwa polisi, ni mimi."

Bi. Chesang aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaweka kalamu chini, akajifunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika. Wangare alidhani analia. Kumbe alikuwa akicheka.

"Asante Mungu!" alisema akipangusa macho. "Hamjui mmeniondolea mzigo gani. Kama mazoezi yangekuwa yameshindwa, nisingekuwa na la kufanya. Lakini kama hayajafanywa, basi tunayafanya! Bado kuna muda. Nitaomba wiki sita zaidi." Akaacha kucheka. "Lakini Wangare, nimeudhika pia, na nataka ujue hivyo. Nilikuwa karibu kufunga faili la baba yako kwa mkono wangu mwenyewe."

"Nisamehe, Madam."

"Nimekusamehe. Leta karatasi mpya. Na wewe shosho, nakupa kazi."

"Kazi gani? Umeninyang'anya mto wangu."

"Mto huo ataegemezea mgongo. Wewe utapima muda. Akinyoosha goti, unaimba wimbo mmoja wa kanisani, beti zote. Asilegeze mpaka uimalize."

Shosho alikohoa kusafisha koo. Alichagua wimbo wenye beti sita, tena akauimba taratibu. Hiram aliguna na kulalamika kwamba mama yake anamtesa makusudi. Lakini hakulegeza.

Karatasi mpya haikupendeza kama ya kwanza. Ilikuwa na visanduku wazi hapa na pale, siku za homa na siku za kukata tamaa. Kila Ijumaa Bi. Chesang aliviona, akauliza kulikuwa na nini, akabadilisha zoezi au akampigia daktari kuhusu dawa ya maumivu. Goti likaanza kunyooka kidogo kidogo.

Wiki ya sita ilipokwisha, Hiram alipimwa mguu wa bandia. Siku alipouvaa mjini Nakuru, alitembea hatua kumi na moja akishikilia vyuma vya pembeni, huku mama Wangare akilia wazi wazi bila kujali nani anamwona.

Waliporudi nyumbani, Bi. Chesang alimwita Wangare kando.

"Unajua ni alama gani zilizomsaidia baba yako?" alimwuliza. "Si za kijani. Ni vile visanduku ulivyoacha wazi. Vilinionyesha mahali pa kusaidia. Ukificha ukweli wa mtu kwa sababu unampenda, unawafungia pia mlango watu wanaoweza kumsaidia. Mpende, lakini sema kweli."

Wangare aliitikia kwa kichwa. Aliingia sebuleni, akashika kalamu ya kijani, akasimama mbele ya karatasi. Kwa safari na furaha ya siku hiyo, hawakuwa wamefanya zoezi la jioni. Aliiachilia kalamu ining'inie kwenye uzi wake.

"Baba," alisema, "leo jioni hatujafanya."

Hiram alitazama dirishani. Jua lilikuwa bado halijazama. Alivuta pumzi, akajilaza kitandani na kuunyoosha mguu.

"Mama!" aliita kuelekea ng'ambo ya ua. "Njoo uimbe!"