Kibano cha Uzi wa Buluu

Kila Jumamosi asubuhi, Kokushubila, mwanafunzi wa darasa la saba huko Chang'ombe, aliokota viwavi waliouawa na virusi. Wengine walikuwa kwenye mahindi ya shule, wengine kwenye miti ya mitiki kando ya uzio, wakining'inia kichwa chini, miili imelegea kama uji. Mwalimu Audax, mlezi wa klabu ya sayansi, aliweka kanuni moja ili virusi visichanganyike: kibano cha uzi mwekundu ni cha mahindi, cha uzi wa buluu ni cha mitiki.

Jumamosi moja Kokushubila alisahau nyumbani kibano cha buluu. Alitumia chekundu kujaza chupa zote mbili za kupelekwa maabara, ya mahindi na ya mitiki, akikifuta kwa sketi. Hakumwambia mtu.

Wiki tatu baadaye, Dokta Tayyaba, mtafiti wa maabara moja ya Mikocheni, alileta majibu: vinasaba vya virusi katika chupa zote mbili vilikuwa sawa. Bi Anastasia, jirani wa shule ambaye mahindi yake yalikuwa yakiliwa na viwavi, alikubali kuacha dawa ya dukani ili shamba lake linyunyiziwe maji ya viwavi wa mitiki waliopondwa, kwa kuwa sasa iliaminika virusi vyao vingeua viwavi wa mahindi pia. Kokushubila akateuliwa kusoma taarifa mbele ya wazazi.

"Sista, we profesa sasa," Zain, mwenzake wa klabu, alimtania. "Ukihamia Mikocheni usitusahau sie."

Kokushubila hakucheka. Alikwenda ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Siku ile nilitumia kibano kimoja kwa chupa zote mbili."

"Marahaba. Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

Mwalimu alifunga jalada la taarifa. "Basi utamwambia Bi Anastasia wewe mwenyewe, leo, kabla hajapoteza mavuno. Kisha Dokta."

Alikwenda. Bi Anastasia alimsikiliza, akatazama majani yaliyotoboka, akachukua kikapu kwenda kununua dawa.

Viwavi waliokotwa upya, kwa vibano viwili. Safari hii majibu yalionyesha virusi viwili tofauti vya ukoo mmoja, kama mtu na binamu yake, kila kimoja na mdudu wake. Siku ya wazazi Kokushubila alisoma taarifa. Sentensi yake ya kwanza ilitaja kosa lake.

Mwalimu Audax alisimama baada yake.

"Virusi havisemi uongo, sisi ndio tunaoweza kuvisingizia kuwa ni kitu kimoja. Msichana huyu alitupotezea wiki kadhaa. Angenyamaza, angempotezea jirani yetu mavuno. Kosea, lakini sema mapema."