Jina la Mwinyimvua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kuruthumu alimsaidia bibi yake, Bi Mwanamize, kubeba unga na vyombo vya kukaangia vitumbua hadi sokoni Kariakoo. Jumapili moja biashara ilikwisha mapema, bibi akamwomba wapitie mjini kuitazama sanamu mpya ya askari. Mwana wa kwanza wa bibi, Mwinyimvua, alichukuliwa upagazi wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, asirudi tena. Hata kaburi lake halikujulikana.

Askari wa shaba alisimama juu ya jiwe, bunduki mkononi. Chini yake palikuwa na maandishi. Bi Mwanamize hakujua kusoma, hivyo alimwuliza mjukuu wake, kwa sauti ndogo, kama jina la Mwinyimvua lilikuwemo.

Kuruthumu alisoma yote. Askari walitajwa, na wapagazi pia, lakini jina la mtu halikuwapo hata moja. Alipomtazama bibi yake usoni, akaingiwa na huruma.

"Lipo, bibi," alisema, akamshika kidole na kukiweka juu ya neno moja.

Bibi alilipapasa neno lile kwa muda mrefu. Njia nzima alitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kesho yake soko zima lilikuwa na habari ya jina lile, maana bibi alimsimulia kila mtu. Severa, muuza ndizi jirani yao, ambaye kaka yake Melkiori alifia katika upagazi uleule, alimwomba Kuruthumu ampeleke akamwonyeshe jina la kaka yake. Tayari alikuwa amejifunga kanga yake nzuri.

Kuruthumu aliitazama kanga ile. Akisema halipo, Severa angedhani ni Melkiori peke yake aliyesahauliwa. Akisema lipo, angekuwa amedanganya tena. Machozi yakamlenga, akawaeleza ukweli Severa na bibi yake, aliyekuwa akikaanga kando yao.

Bi Mwanamize aliendelea kugeuza vitumbua mpaka vikaiva. Kisha akauliza, "Neno nililolishika ni neno gani?"

"Ni 'wapagazi', bibi. Nisamehe."

Bibi akasema amemsamehe. Jioni ile wakaenda wote watatu. Safari hii Kuruthumu alisoma kwa sauti yale yaliyoandikwa tu, bila kuongeza wala kupunguza, na Severa akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Najua ulinihurumia," bibi alimwambia. "Lakini marehemu haheshimiwi kwa uongo, mjukuu wangu. Jiwe haliwezi kuwataja wote. Kazi hiyo ni yetu, nasi tutaifanya kwa kusema kweli. Mbona hujapata kuniuliza baba yako mkubwa alikuwa mtu wa namna gani?"

Kuruthumu akamwuliza.

"Alikuwa mvivu wa kuamka," Bi Mwanamize alianza, na Severa akacheka, kwani Melkiori naye alikuwa hivyohivyo.